Vumbi la Reggane

Tarehe 13 Februari 1960, Ronald Ngala, Tom Mboya na wenzao wakiwa bado wanavutana na Waingereza juu ya uhuru wa Kenya pale Lancaster House, London, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki huko Reggane, jangwani Aljeria. Lilikuwa na nguvu ya takriban kilotani 70, zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima. Ghana ikazuia mali za Wafaransa. Nigeria ikamtimua balozi wao. Haikusaidia. Kufikia 1966 Wafaransa walikuwa wamelipua mara 17 huko Aljeria.

Marekani, hofu ya vumbi la mabomu ilishaingia jikoni. Strontiamu-90, sumu ya mionzi itokayo kwenye mabomu, hushuka na mvua, ng'ombe akala majani, mtoto akanywa maziwa, na mwili ukaiweka mifupani ukidhani ni kalisi. Kuanzia 1958 wazazi wa St. Louis walitoa meno ya watoto yaliyong'oka ili yapimwe, yakafika kama 320,000. Huku kwetu jino hurushwa juu ya paa. Kule mtoto alipewa beji. Vipimo vikaonyesha sumu ikipanda sambamba na majaribio.

Ndipo akatokea Ernest Sternglass, mwanafizikia ambaye utafiti wake ulizaa mrija wa kamera iliyoonyesha Armstrong akikanyaga mwezi, Julai 1969. Septemba mwaka huohuo aliandika kwamba vumbi la mionzi limeua watoto wachanga laki kadhaa. Mwanasayansi Arthur Tamplin alipiga hesabu upya, akapata kama 4,000. Naona waliomkosoa Sternglass walikuwa na haki, maana kila kifo alilibebesha bomu. Lakini hata mkosoaji wake hakufika sifuri. Sternglass alistaafu Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akaendelea kubishana hadi alipofariki 2015.

Kenya ilitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia mwaka 1996. Leo, ili kunasa milipuko ya siri, mitambo ya Kilimambogo husikiliza mitetemo ya ardhi, na ya Nairobi sauti nzito zisizosikika kwa sikio. Anayepanda matatu Mountain View kwenda mjini hupita Chiromo, chuoni kwa wanajiolojia wanaofuatilia mitetemo hiyo, bila habari.

Kusikia bomu ni rahisi kuliko kumtambua mgonjwa wake. Tarehe 1 Mei 1962, mlipuko wa Wafaransa chini ya mlima huko In Ekker, Aljeria, ulivuja, wingu likawafunika hata mawaziri wawili wa Ufaransa. Mmoja, Gaston Palewski, alikufa kwa saratani ya damu 1984, akiamini chanzo ni siku ile. Sheria ya fidia ya Ufaransa ya 2010 inamtaka mdai athibitishe alikuwepo eneo hilo miaka hiyo, na ugonjwa wake uwe kwenye orodha. Mfugaji wa Kituareg atatoa wapi faili la hospitali? Kufikia 2021, Mualjeria aliyekuwa amelipwa ni mmoja tu.