Neno "Paramount" Katika Ukingo wa Nyasa

Kivumishi cha Kiingereza "paramount" kina asili ya Kifaransa cha kale, na maana yake ya kwanza ni kule juu, upande wa mlimani. Wanasheria wa Uingereza ya zama za kati walimwita hivyo bwana wa ardhi asiye na bwana mwingine juu yake.

Ukoloni ulipokisafirisha kivumishi hiki, maana ilipinduka. "Paramount chief" alisimama juu ya machifu wenziwe, ilhali yeye mwenyewe alikuwa chini ya Bwana Shauri, naye Bwana Shauri chini ya Gavana. Mwaka 1923 London ilitumia neno hilohilo kutangaza kwamba maslahi ya Waafrika wa Kenya yatatangulia. Walowezi hawakunyang'anywa mashamba kwa ajili ya tangazo hilo.

Kyela ilikuwa na shida yake. Mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890 uliufanya Mto Songwe mpaka baina ya watu wanaosikilizana lugha. Kusini, katika Ngonde, alikuwapo Kyungu wa kilima cha Mbande, na Waingereza waliona wamempata mtu wa kuvishwa kivumishi chao. Kaskazini, kwa Wanyakyusa, hakuwapo. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko baina ya 1934 na 1938, walikuta himaya ndogo zaidi ya 100, kila moja na malafyale wake. Walieleza kwamba katika ubusoka, sherehe ya kuwatawaza vijana, baba aliwaachia wanawe utawala na nchi ikagawanywa. Wataalamu wa baadaye wamehoji ni kwa ukamilifu gani utaratibu huo ulifuatwa. Ila wingi wa watawala haukanushiki.

Si kwamba Wanyakyusa hawakujua ukubwa. Huko Lubaga, katika milima ya Rungwe, aliishi Lwembe, ambaye wana malafyale walimwendea kwa mvua na rutuba. Walimcha, wala hawakumpelekea kesi zao. Kiswahili kingemwita mtukufu, kisimwite mkuu. Kiingereza kimeyafunga yote mawili katika neno moja, na hapo ndipo karani wa serikali alipopotea.

Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika 1925, alitaka utawala upitie kwa wenyeji, na sheria ya 1926 ikadai ngazi. Basi baadhi ya wana malafyale wakapandishwa juu ya wenzao, na mabaraza yao yakawa ya rufaa. Mtu aliyezoea kuhukumiwa na malafyale wake akaambiwa yuko mkubwa zaidi, mwana wa ukoo ambao babu yake hakuutii.

Tanganyika ilifuta uchifu 1963. Ng'ambo ya Songwe, Malawi iliendelea kumwita Kyungu "Paramount Chief".