Kuchonga na Kuchora: Mary Leakey na Zana za Mawe

Bonde la Kilombero, penye Ifakara na Katindiuka, ni nchi ya udongo ulioletwa na mafuriko, na mkulima aweza kulima siku nyingi jembe lake lisigonge jiwe. Mashuhuri zaidi katika mabaki ya zana za mawe ya nyanda za kusini yako ng'ambo ya Milima ya Udzungwa. Huko Isimila, karibu na Iringa, mvua zilichimba korongo zikafichua mashoka ya mkono kwa wingi. Yalitambuliwa mwaka 1951, na wataalamu walichimba hapo mwaka 1957 na 1958. Afikaye Isimila huyaona mawe yenyewe. Asiyeweza kufika huyajua kwa michoro, naye kwa kawaida haulizi ni nani aliyechora, kana kwamba mawe yalijichora yenyewe. Katika historia ya Tanganyika swali hilo lina jibu lenye uzito, kwani mmoja wa wachimbuaji wake wakubwa aliingia katika elimu hii kwa mlango wa uchoraji.

Mary Nicol alizaliwa London mwaka 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, naye alimchukua bintiye Ufaransa, ambako mtoto aliona mapango yenye picha za kale. Baba alifariki mwaka 1926. Shuleni binti hakutulia. Alifukuzwa zaidi ya mara moja, wala hakusomea shahada. Alichokuwa nacho ni mkono. Katika machimbo ya Hembury, kusini-magharibi mwa Uingereza, alichora mawe yaliyopatikana, na michoro hiyo ilimpendeza Gertrude Caton-Thompson, aliyemtaka achore zana za Fayum, Misri, kwa kitabu kilichotoka mwaka 1934. Kwa njia hiyo alijulishwa kwa Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya, aliyehitaji michoro kwa kitabu chake juu ya asili ya binadamu. Mwaka 1935 mchoraji alifika Olduvai, na mwaka 1936 wakaoana.

Kuchora jiwe lililochongwa si kuiga umbo lake tu. Desturi ni kulifanya kana kwamba laangazwa na nuru itokayo juu, upande wa kushoto. Kila kovu lililoachwa na kibanzi kilichobanduliwa huzungushiwa mstari, na ndani yake hutiwa mistari myembamba iliyopinda, mfano wa viwimbi vya maji yaliyotupiwa kijiwe. Maana nguvu ya pigo hupita ndani ya jiwe kwa mawimbi, na mawimbi hayo huacha alama. Ajuaye desturi hiyo aweza kusema pigo lilitoka upande gani, na kovu lipi lililitangulia lipi. Ganda la asili, lisiloguswa na mchongaji, huonyeshwa kwa nukta. Picha ya kamera, ingawa wengi huiamini zaidi, mara nyingi hushindwa hapo, kwa sababu madoa na vivuli huyafunika makovu. Basi mchoraji hana budi kuamua kabla ya kutia wino, na akikosea kuamua, atakayesoma mchoro wake atakosea pamoja naye. Ugumu huo ulizidi Olduvai, ambako zana nyingi ni za mawe ya volkeno na za kwatzi, ambazo hazishiki alama kwa usafi kama gumegume la Ulaya.

Kiswahili kina maneno yaifaayo kazi hii kuliko idhaniwavyo. Kuchonga ni kukipunguza kitu kwa makali mpaka umbo litokee, kiwe mti au jiwe. Kuchora ni kutia alama, kwa kalamu na vilevile kwa chuma, kama wafanyavyo mafundi wa nakshi za milango ya pwani. Mchongaji wa kale na mchoraji wake wanakaribiana sana katika lugha hii. Jina la Olduvai lenyewe halikupata bahati hiyo: ni neno la Kimaasai, oldupai, mkonge wa mwituni, lililosikiwa vibaya na wageni likaandikwa hivyo.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu lililoitwa Zinjanthropus, mumewe akiwa mgonjwa kambini; hata hivyo kwa muda mrefu sifa nyingi zilimwendea mume. Kitabu cha mwaka 1971 juu ya tabaka mbili za chini za Olduvai ni cha Mary peke yake. Humo mawe yamepangwa kwa aina zake, na michoro ni sehemu ya hoja, si pambo. Ni vigumu kuamini kwamba mtu asiyezoea kulifuata kila kovu kwa kalamu angeweza kuzitenganisha aina hizo kwa uangalifu kama huo.

Kazi aliyoipenda zaidi haikuwa ya mawe yaliyochongwa, bali ya miamba iliyochorwa. Mwaka 1951 yeye na mumewe walikaa Kondoa miezi kadhaa wakinakili picha za miambani: alitandika karatasi angavu juu ya mwamba, akafuatisha mistari, kisha akazichora upya kwa rangi. Nakala hizo zilingoja zaidi ya miaka 30, zikatoka kitabuni mwaka 1983, mchoraji akiwa na umri wa miaka 70. Alifariki Nairobi mwezi Desemba 1996. Miamba ya Kondoa iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na baadhi ya picha zake zinaendelea kufifia.