Naftali Temu, aliyetangulia kwa dhahabu

Naftali Temu (1945–2003), mwanariadha kutoka Nyamira, ndiye Mkenya wa kwanza kunyakua dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1966 alimbwaga Ron Clarke wa Australia katika mbio za maili 6 za Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaika. Oktoba 13, 1968, jijini Mexico City, alimpiku Mamo Wolde wa Ethiopia katika mita za mwisho na kushinda mbio za mita 10,000. Kipchoge Keino, aliyezidiwa na maumivu ya tumbo katika mbio hizo hizo, alipata dhahabu yake wiki moja baadaye. Temu aliongeza shaba ya mita 5,000. Keino ndiye aliyevuma zaidi, lakini njia ilifunguliwa na Temu.