Karura kwa Mguu ama Baiskeli: Soma Namba Kabla Upotee

Kama uko Kanairo na wikendi zako zote huishia kejani, Karura iko hapo tu: hekta kama 1,000 za msitu kati ya Limuru Road na Kiambu Road. Njia zake ukizijumlisha zinapita kilomita 50. Ndio maana wasee hupotea huko ndani kila siku.

Anza na geti. Ukitoka tao na mathree ya Ruaka ama Banana, shuka Limuru Road uingilie Geti A. Wewe wa Kiambu Road, Geti C ndio yako. Shika hiyo herufi kichwani, juu ukitokea upande ule mwingine na ndai umeiacha Limuru Road, kuzunguka ni safari, na miguu tayari imelia.

Sasa namba. Kwa makutano ya njia kuna vibao vya namba, na namba hizo ndizo ziko kwa ramani. Ipige picha kabla uanze. Ndani mambo hufanana: mikaratusi, kona, tena mikaratusi. (Wakoloni ndio waliianzisha, wakitafuta kuni za gari moshi.) Ukichanganyikiwa, mpigie askari wa msitu ama beshte yako umsomee namba iliyo mbele yako. "Niko karibu na mti mkubwa" haisaidii mtu.

Mara ya kwanza, nenda maporomoko. Maji yanaanguka kama mita 15, na ukifuata huo mto utapata mapango ambayo inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Kushuka huko ni kazi ya miguu, si ya magurudumu. Ukitaka kimya, vuka Limuru Road uende upande wa Sigiria, watu ni wachache.

Wa baiskeli, barabara pana za murram ndizo zenu. Kama huna yako, zinakodishwa. Lakini mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu ni sabuni, na miteremko ya kuelekea mtoni haina huruma. Funga breki mapema. Kwa kona punguza, kuna mama na mtoto wanatembea mbele.

Na usidhani hizi njia zilikuja hivi hivi. Miaka ya 90 msitu huu ulikuwa unagawiwa mabwenyenye wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alienda kupanda miti hapa, vijana wakamshambulia yeye na wenzake. Alipasuliwa kichwa, na kituoni akatia sahihi ripoti kwa damu yake. Mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Hata baada ya hapo, watu waliogopa kuingia kwa sababu ya wezi, hadi ua wa umeme ulipowekwa na vijana wa kijiji jirani cha Huruma wakaajiriwa kulinda.

Maji beba kwa chupa ya kujaza tena. Zile za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku misituni tangu Juni 2020, na utazuiwa getini. Dishi nayo ifungie kwa bag, nyani wa Karura hawana aibu. Na kama ni saa kumi jioni na bado uko mtoni, geuka uanze kurudi.