Mmiliki au Mkabidhiwa?

Hapa Eldoret tuna kiwanda cha risasi, na tunalitamka jina hilo bila kushtuka. Risasi ni neno la Kiarabu, jina la madini mazito ya kijivu kabla halijawa kitu cha kupasua kifua. Bunduki nayo ilianza kama kokwa, ikawa kidonge cha kurushwa, mwishowe ikawa chombo kinachorusha. Majina ya silaha huhamahama. Hata mzinga wetu una nyuki upande mmoja na baruti upande wa pili.

Linalonikera ni "mmiliki wa bunduki". Mzizi wake ni ule wa maliki, mfalme. Mwenye milki huuza, hugawa, hurithisha apendavyo. Chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, jirani hauziwi bunduki kama kuku. Ufalme gani huo?

Watu husema leseni; sheria yasema cheti. Nashikilia neno "cheti". Leseni huruhusu tendo: kuuza duka, kuendesha gari. Cheti humshuhudia mtu. Na hapa anayepimwa ni mtu, si chuma.

Miongoni mwa wanaonyimwa cheti, tafsiri ya sheria hukimbilia "mlevi". Neno jembamba. Yupo asiyeonja tone, lakini ugomvi wa mpaka wa shamba humtoa povu. Napendekeza "asiye na kiasi". Humbeba mlevi na mwenzake huyo pia. "Asiye na akili timamu" iachwe, imekaa vizuri.

"Silaha haramu" nayo? Haramu ni ya nguruwe. Bunduki yenye cheti na isiyo nacho huenda zikawa ndugu wa kiwanda kimoja. Tuseme "silaha isiyo na cheti": ndefu, lakini ya kweli.

Mwaka 2023, serikali ilipotaka wakazi wa kaskazini mwa Bonde la Ufa wasalimishe silaha, nilipenda kitenzi hicho. Ndani yake mna salama. "Kupokonya" kuna mieleka tu.

Basi mmiliki tumwite nani? Askari wa akiba ametuonyesha njia: hata ikilala chini ya kitanda chake, huiita bunduki ya serikali. Amekabidhiwa. Kukabidhi hutokana na kushika kwa mkono, ila kwetu kunataka mikono miwili, wa kutoa na wa kupokea. Raia mwenye cheti ameinunua kwa pesa zake, kweli, lakini imani aliyopewa hakuinunua. Naye ni mkabidhiwa.

Walinzi wenzangu wa lugha, lijaribuni neno hili mdomoni. Mmiliki huulizwa, "Bei gani?" Mkabidhiwa huulizwa, "Iko wapi?"