Kununua Hisa kwa Kufuata Bei Inayopanda: Hukumu Yake, na Habari ya Kahawa ya Bulwa



Siku hizi mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kupanda boti ili kununua hisa. Kwa simu yake, kupitia programu ya Hisa Kiganjani ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), anaweza kununua akiwa barazani. Ndiyo maana suala hili limeingia majumbani, likagusa akiba ya Hijja na hata mali za mayatima. Na swali huja kwa sura moja: hisa fulani imepanda wiki tatu mfululizo, je, tuingie? Kampuni yenyewe inafanya nini, ina madeni kiasi gani, hayo hayaulizwi.

Wanunuzi wa hisa ni wa namna mbili. Mmoja hutazama kampuni: faida yake, madeni yake, gawio lake. Mwengine hutazama bei peke yake. Anunua kwa sababu imepanda jana, akitaraji atatokea wa kumuuzia ghali zaidi kesho. Tofauti ya wawili hawa ilionekana katika nchi yetu kabla babu zetu hawajazaliwa.

Katika miaka ya 1890, wakati wa ukoloni wa Kijerumani, kampuni zilizoundwa Ujerumani zilikimbilia kupanda kahawa katika Usambara Mashariki, milima iliyo juu ya Muheza. Bulwa lilikuwa moja ya mashamba hayo. Fedha zilitoka kwa watu wa Ulaya ambao wengi wao hawakupata kuiona hata Tanga. Walichoambiwa kilikuwa kweli kwa macho: msitu mrefu na mnene, mvua nyingi, kijani mwaka mzima. Wakasema, udongo unaokuza miti kama hii utakuza chochote. Bei ya kahawa duniani ilikuwa nzuri, na reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896. (Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, lakini hilo halikuingia katika hesabu za kampuni.)

Kumbe rutuba ilikuwa katika msitu wenyewe, katika majani yanayoanguka na kuoza juu juu. Udongo wa chini umeoshwa na mvua kwa karne nyingi, una asidi, na chakula cha mmea ni kidogo. Msitu ulipokatwa, rutuba iliondoka nao. Mikahawa ilianza vizuri kisha ikadhoofika. Na mkahawa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya mavuno ya maana. Ilipofika wakati wa kuvuna, Brazil ilikuwa imejaza soko la dunia na bei ilikuwa imeanguka. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, jirani na Bulwa, kilianzishwa mwaka 1902, mamilioni ya mikahawa ikiwa imeshapandwa. Leo Bulwa ni shamba la chai, zao linalopenda udongo wenye asidi.

Tunaitaja habari hii kwa sababu bei inayopanda ni kama ule msitu: inaonekana, lakini haikwambii kilichomo chini. Mambo yakajirudia kwa mpira. Mwaka 1909 na 1910 bei ya mpira ilipaa, na kampuni za London zikanunua kwa bei kubwa mashamba ya Wajerumani ya ukanda wa Tanga. Mwaka 1913 bei ikaporomoka.

Karibu nasi zaidi, Serikali ya Kenya iliuza hisa za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni, na wengi walikopa benki. Biashara sokoni ilianza tarehe 9 Juni. Bei ikapanda kwanza, na kufika mwanzo wa 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Kampuni haikuwa mbovu. Aliyenunua kwa fedha yake akasubiri miaka, alipata. Aliyekopa kwa riba alibeba dhambi ya riba, na deni likamlazimisha kuuza kwa hasara.

Ama hukumu: hisa ni fungu la umiliki katika kampuni. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, limejuzisha hisa za kampuni ambazo kazi yake ni halali. Katika soko la Dar es Salaam zimo pia kampuni za bia, sigara na benki za riba. Hizo hazinunuliwi hata zikishuka bei.

Kununua ili kuuza kwa faida ni biashara, na muda mfupi peke yake hauiharamishi. Kinachoharamisha ni kununua kwa mkopo wa riba, kuuza usichokimiliki, na najash, yaani kupandisha bei kwa hila ili wengine wavutike. Makundi ya simu yanayoambiana "nunueni leo sote, kesho tuwauzie watakaokuja" yanafanya najash, ambayo Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) ameikataza katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Na anayenunua bila kujua lolote ila mshale wa bei amekaribia mno gharar na kamari.

Hesabu ya kuanzia ni nyepesi. Hisa ikiwa shilingi 4,000 na faida ya kampuni kwa kila hisa ni 200 kwa mwaka, unalipia faida ya miaka 20. Bei ikifika 8,000 na faida ni ile ile, unalipia miaka 40. Msimamizi wa mali ya yatima asiyeweza kufanya hesabu hii, au asiyepata wa kumfanyia, aiweke mali hiyo mbali na hisa.

Zaka nayo hutofautiana. Aliyenunua ili auze hutoa asilimia 2.5 ya bei ya sokoni siku mwaka unapotimia, ikiwa nisabu imefika, hata kama bei hiyo ni chini ya aliyonunulia. Aliyenunua kwa ajili ya gawio, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi, hutoa kwa fungu lake katika mali za kampuni zinazotolewa zaka, kama fedha taslimu na bidhaa. Majengo na mitambo haihesabiwi.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.