Watu Arobaini wa Kilimani

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, imetupasa katika kitabu hiki cha ukumbusho tuandike habari za vitongoji vidogo vya Mumirwa, yaani vilima vya Burundi vinavyopanda kutoka pwani ya Ziwa Tanganyika, upande wa Rumonge. Habari za miji mikubwa zimekwisha andikwa. Za vitongoji huzikwa pamoja na wazee.

Warundi tangu kale hawakukaa vijijini. Kila mtu alijenga rugo lake juu ya kilima, kati ya mashamba yake, na jirani yake ng'ambo ya bonde. Uislamu ulipofika na wafanyabiashara wa Ujiji katika karne ya 19, ulileta desturi ya kukaa karibu karibu. Nayo ina asili katika sheria. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, Ijumaa haisihi ila kwa wanaume 40 waliobaleghe, wakaazi wa mahali pale, msafiri hahesabiwi. Kitongoji chenye wanaume 39 husali adhuhuri, na kikisikia adhana ya mji ulio chini, watu wake huwapasa kuteremka. Basi mahali kama hapo mtu hadharauliwi hata awe maskini, kwani akihama yeye, Ijumaa ya wote yaweza kuondoka naye.

Maisha yao nayo yalitaka ushirika. Kilimani kuna michikichi, migomba na mihogo. Ziwani kuna ndagala na mukeke. Wa juu huteremka na mawese, wa chini hupanda na samaki. Mtu akifa, kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi, imewatosha wote, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Katika kitongoji cha nyumba chache, hao baadhi ndio wote.

Wabelgiji walipoishika nchi mwaka 1916, elimu ya shule iliwekwa mikononi mwa misioni. Wazazi wengi wa Kiislamu walichelea watoto wao kubatizwa, wakawapeleka chuoni kusoma Kur'ani. Dini ilihifadhika, lakini milango ya ofisi ilifungwa, na vizazi viwili vilibaki na jembe na uchuruzi.

Kisha ukaja msiba. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka Rumonge na Nyanza-Lac, watu wengi wakauawa. Na serikali ya wakati ule ikalipiza kwa mauaji makubwa zaidi nchi nzima. Maelfu walikimbilia Zaire na Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Nyuma yao mashamba ya michikichi yalishikwa na wengine. Tangu mwaka 2008 wengi wa wakimbizi hao walianza kurejea. Baada ya miaka 36 walimkuta shambani mtu mwingine, mwenye watoto waliozaliwa papo hapo, na pengine mwenye karatasi ya serikali mkononi. Kesi za ardhi zikajaa.

Hukumu ni ya mahakama, si ya mwandishi huyu. Lakini ushahidi ni wetu. Mpaka wa shamba la kilimani hujulikana kwa jiwe, kwa mti, na kwa makaburi ya wazee. Na wanaoujua ni majirani. Mwenyezi Mungu amekataza kuficha ushahidi, wala hakumtoa katika amri hiyo ndugu wala rafiki. Mzee anayeujua mpaka akanyamaza kwa kuogopa au kwa kupewa kitu, amemdhulumu aliyerudi, na amemdanganya aliyekuwapo.

Wala tusisahau ya kuwa siku ya Ijumaa mdai na mdaiwa husimama safu moja, na wote wawili wamo katika wale arobaini. Tuseme kweli, kisha tupatanishe, ili asihame hata mmoja wao.

Ewe Mola, warehemu waliotutangulia, uwaunganishe waliobaki. Amin.